Ujumbe Uliosubiri

Komeo la mlango wa mbele lilisogea, tak, kisha likarudi mahali pake, tak. Fundi alikuwa macho. Alilala chali akisikiliza, kama alivyosikiliza kila alfajiri tangu mumewe atoke hospitali. Zamani, saa kama hiyo, mume alikuwa akilifungua komeo taratibu asimwamshe, aende kiwandani kupakia mkate ungali moto. Siku hizi aliamka saa ileile, ila hakuwa na pa kwenda. Alilifungua komeo kidogo, akalifunga, akauvuta mlango aone kama umeshika, kisha akarudi kitandani na miguu ya baridi.

"Ulikuwa umefungwa," Fundi alimwambia.

"Najua."

"Sasa?"

"Nilitaka kujua tena."

Fundi akamsogezea shuka upande wake, akaifunika ile miguu kwa miguu yake mwenyewe. Alilala upande wa kushoto wa mumewe, maana sikio lake la kulia lilikuwa limekufa.

Mtaani mume huyu aliitwa Mkate. Alikuwa akiendesha gari jeupe la kiwanda, akigawa mikate madukani, na ile iliyopondeka njiani, ambayo hakuna muuzaji angeipokea, aliwapa watoto. Watoto walikuwa wakilikimbilia gari lake kama vifaranga. Ndipo ikazuka habari katika simu za watu, sauti ya mwanamke ikisema kuna gari jeupe linaiba watoto, na kwamba dereva huwavuta kwa mkate. Mkate hakuwa ameisikia. Aliingia mtaa wa pili na mzigo wake kama siku zote, akateremka, akamkatia mtoto kipande. Waliomzunguka hawakumwuliza jina.

*

Walikuwa bado hawajamaliza chai pale shemeji yake Fundi alipoingia. Alikuwa kinyozi, mdogo wake Mkate, mtu asiyeweza kukaa na habari mdomoni, kama vile ni chai ya moto.

"Mmesikia redio? Mnafungiwa," alisema, akijivutia kiti. "Kila kikundi cha simu chenye watu zaidi ya mia lazima kiwe na msimamizi aliyesajiliwa. Ujumbe haumfikii mtu mpaka msimamizi aupitishe. Ukipita uongo, anayejibu ni msimamizi. Faini au jela. Na asiyejisajili mwisho wa mwezi, kikundi kinazimwa. Shemeji, utatushonea sare za jela?"

Fundi aliweka kikombe chini. Kikundi chake kilikuwa cha wachangia damu. Alikianza na wateja wake mwenyewe. Alipomaliza kumpima mtu kiuno na mabega, alimwuliza na aina ya damu yake, na asiyejua alimtuma kwa nesi wa benki ya damu, ambaye naye alikuwa mteja. Wengi wao hawakupenda kuandika. Walituma sauti. Mtu akihitaji damu hospitalini, ndugu yake alizungumza kwenye simu, na walio na damu ya aina hiyo waliacha walichoshika wakaenda.

"Kifunge," alisema Mkate.

"Nikifunge?"

"Kifunge leo. Na sheria hiyo ije haraka, tena ije na meno. Ingekuja mapema kidogo, na mimi ningekuwa na yangu."

Kinyozi akacheka, kisha akaona hakuna aliyecheka naye, akaishika sukari.

"Baba," alisema Fundi polepole, "siku ile walipokuleta, damu uliyowekewa ilitoka wapi?"

"Najua ilikotoka."

"Sauti yangu ilitoka papo hapo na watu wakaja papo hapo. Muuza mkaa alikuja na masizi yake, nesi akamnawisha mkono kwanza. Kama ningekuwa nasubiri mtu wa kunipitisha, wewe leo ungekuwa unanijibu?"

Mkate aliutazama mkate mezani. Alikuwa ameacha kuula, ingawa mkewe aliendelea kuuweka. "Njia iliyoniletea damu ndiyo iliyoniletea marungu," alisema. "Ndiyo hiyohiyo. Sasa wewe niambie tunaifungaje upande mmoja."

Kinyozi alisema, "Serikali ikishika ufagio inafagia na pete iliyoanguka," akanyanyuka kwenda kazini, na alipopita nyuma ya kaka yake akamgusa bega kidogo. Fundi aliuona mguso huo, akauweka moyoni.

*

Ofisi ya usajili ilikuwa ghorofa ya pili, na foleni ilianzia ngazini. Alikuwapo mwalimu wa kwaya, wasimamizi wa vikundi vya mazishi, na kijana mmoja wa kikundi cha mashabiki wa mpira aliyesema yeye atasajili jina la timu pinzani, ili wakifungwa wafungwe wao. Watu walicheka, lakini kicheko cha woga.

Fundi alipofika dirishani, karani alisoma kwa sauti ya kusikika hadi ngazini. "Kikundi cha damu? Damu gani, mama? Ninyi ni waganga?"

"Tunachangia hospitalini, mwanangu."

"Kazi yako?"

"Nashona."

"Fundi cherehani anasimamia mambo ya hospitali." Karani aligeuka kuwatazama wenzake, kama mtu anayetaka kupigiwa makofi. "Mumeo anajua uko hapa?"

Fundi alihisi masikio yakimchoma. Nyuma yake mtu aliguna. Binti aliyekaa meza ya pembeni, akipiga mihuri, alisimama bila kusema, akatoa kiti chake akakipitisha kwenye mlango mdogo. "Kaa, mama, usome kwanza kabla ya kuweka sahihi," alisema chinichini. "Soma hapa mwisho."

Akakaa, akasoma. Kisha akauliza, "Mtu akileta uongo, nami nikadhani ni kweli, nikaupitisha?"

"Sheria haina kudhani," alisema karani.

"Na akileta kweli, nami nikadhani ni uongo, nikauchelewesha?"

Karani alipindua karatasi, akaangalia nyuma yake. Kwa mara ya kwanza alionekana kijana mdogo aliyechoka, aliyepewa kazi bila kuelezwa. "Hilo halikuandikwa, mama," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Fundi alishika kalamu kwa muda mrefu. Alimfikiria mumewe chini kwenye vumbi. Akamfikiria pia kitandani, damu ikidondoka tone kwa tone kutoka chupani juu yake. Kisha akaandika, na sahihi ikatoka kama ya mtu mwingine.

*

Shida ilikuwa kazini. Fundi alishona katika karakana ya mwenye duka, mahali ambapo simu zote huwekwa kabatini mpaka kazi iishe, kwa sababu siku moja msichana mmoja alijishona kidole akitazama harusi ya mtu kwenye simu. Hapo awali haikuwa tatizo. Ujumbe ulijiendea wenyewe. Sasa kila sauti ingesubiri kabatini pamoja na simu.

"Niachie," alisema Mkate.

Fundi alidhani hakusikia vizuri.

"Simu. Niachie mimi. Siendi popote. Nitawasikiliza." Alikuwa akitazama mlango. "Ila nakwambia, uongo hautapita kwangu. Hata unong'one."

Na kweli haukupita. Mkate alikaa dirishani tangu asubuhi, simu imeegemezwa kwenye sikio zima, akisikiliza kila neno. Alipokea ombi, akampigia nesi wa benki ya damu kuuliza mgonjwa yupo, yuko wodi gani, damu gani, ndipo akalipitisha. Dawa za mitishamba za kuponya kila kitu, habari za mwisho wa dunia, kura za kushinda baiskeli, vyote vilikufa mikononi mwake. Nesi alimwambia Fundi kwamba zamani watu walikuwa wakija hospitalini kwa ombi la mgonjwa aliyekwisha kuruhusiwa kitambo. Sasa hawaji bure. Lakini mara nyingine nesi alikuwa na mikono yote kazini, simu ikalia bila kushikwa, na ombi likasubiri. Mzee mmoja aliahirishiwa upasuaji kwa sababu hiyo. Mwanawe alikuja karakana, akasimama mlangoni mbele ya mafundi wote.

"Mwambie mumeo hatukumwajiri forodha," alisema. "Baba yangu si mzigo wa magendo."

Mwenye duka alikohoa. Fundi akaomba radhi kwa niaba ya mumewe, akaomba radhi na kwa mwenye duka, akarudi kukanyaga cherehani na mshono ukaenda upande. Kila jioni alikwenda nyumbani akihesabu hofu mbili. Umepita uongo? Au umekwama ukweli? Alifika mlangoni hajui aanze kuuliza ipi.

Lakini aliona pia jambo jingine, na alilitunza bila kulisema, kama mtu anavyofunika moto mdogo kwa mikono. Mkate alikuwa ameanza kunyoa ndevu. Na alfajiri moja komeo halikulia kabisa.

*

Siku moja ya mvua umeme ulikatika karakanani, mwenye duka akawaruhusu mapema. Fundi alifika nyumbani na viatu mkononi. Alimkuta mumewe amekaa pale dirishani. Simu ilikuwa juu ya meza, imelazwa kifudifudi, na kiganja chake kilikuwa juu yake.

"Kumetulia leo?" alimwuliza.

Fundi akavua mtandio uliolowa, akautundika, akajipa muda. Alipogeuka, kiganja kilikuwa palepale.

"Baba. Kuna nini?"

Mkate aliigeuza simu, akabonyeza. Sauti ya mwanamke mtu mzima, iliyokwaruza kidogo, ikajaa chumbani. "Jamani wenzangu, mimi ni mama, siwezi kunyamaza. Binti yangu amejifungua, na damu haitaki kukata. Wanasema inatakiwa ya O hasi, nao wanayo kidogo tu. Jamani wenzangu, yeyote aliye karibu. Mimi ni mama."

Sauti ikaisha. Mvua ikaendelea.

"Ni yeye," alisema Mkate.

"Yeye nani?"

"Jamani wenzangu, mimi ni mama, siwezi kunyamaza. Kuna gari jeupe." Aliyasema maneno hayo polepole, bila kukosea hata moja. "Mmoja wa walionipiga alikuwa ameishika simu juu yangu, ameifungulia sauti yote. Kila ilipokwisha akairudisha mwanzo. Sura zao nimezisahau. Hiyo sauti siisahau."

Fundi alivuta kiti akakaa upande wa sikio lake zima. Aliiona saa ya ujumbe kwenye kioo cha simu. Ulikuwa umeingia tangu adhuhuri, na sasa wanafunzi walikuwa wakipita barabarani na mifuko kichwani.

"Umempigia nesi?"

"Sheria inasema uongo usipite. Huyu ni mwongo. Mwenye kuumwa na nyoka..."

"Umempigia nesi?"

"Nimempigia."

"Akasemaje?"

Mkate alitazama dirishani. Taya lake, lile lililoungwa vibaya, lilicheza. "Akasema binti yupo. Akasema niharakishe."

Fundi alikuwa na neno kali mdomoni, tena la haki. Alikuwa na sahihi yake katika ofisi ile. Angeweza kuinyakua simu. Mkono wa mumewe ulikuwa dhaifu, vidole viwili havikukunjika tena. Lakini alijua kwamba akiinyakua, damu itakwenda hospitalini, na mwanamume huyu atabaki palepale kwenye vumbi maisha yake yote.

"Nilitaka asubiri kidogo tu," alisema Mkate. Sauti ilikuwa nyembamba. "Kidogo. Nami nilisubiri pale chini."

"Najua."

"Niliwaambia, ulizeni kiwandani. Pigeni simu kiwandani. Hakuna aliyepiga."

"Najua, baba. Lakini wewe umepiga." Fundi aliweka mkono wake juu ya kiganja chake, bila kukisukuma. "Wewe umeuliza, na umejibiwa. Na yule binti mimi simjui, wala wewe humjui, wala yeye hajui kitu juu ya gari. Amelala tu."

Mvua ilipiga bati. Mkate aliinua kiganja, akainua na mkono wa mkewe juu yake. Akabonyeza kwa kidole kilichopona. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu apewe kazi ile: akaisogeza simu mdomoni akazungumza mwenyewe. "Habari hii nimeithibitisha kwa nesi. Ni kweli. Imechelewa kwangu, si kwake. Nendeni sasa hivi. Ni mimi Mkate."

Simu ikaanza kutetemeka mezani. Niko njiani. Nakuja. Kinyozi akajibu kwamba yeye si damu hiyo, ila mteja aliyekaa kwenye kiti chake ndiye, ndevu upande mmoja, na wanatoka wote wawili. Fundi alicheka, na kicheko kikamgeukia kuwa machozi, akayafuta kwa ncha ya kanga.

Walikaa hivyo mpaka giza likaingia. Hakuna aliyewasha taa. Nesi hakushika simu. Mkate aliuliza mara moja tu, "Na kama nimemuua?" Fundi angependa kusema hapana. Hakuwa mtu wa kusema asichokijua, hasa katika nyumba hiyo. Alimshika mkono tu. Baadaye sana ukaja ujumbe mfupi wa nesi: damu imefika, imetosha, mama na mtoto wanapumua. Chini yake aliongeza, mwenye nusu ndevu ametuchekesha wodi nzima, Mungu ambariki.

Mkate aliusoma. Kisha akaenda kulala bila kula, na alfajiri komeo lilisogea tena, tak, tak.

*

Mlango uligongwa siku ambayo Fundi hakuwa kazini. Mwanamke mnene wa makamo, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani, na mfuko wa vitunguu mkononi, kwa maana aliuza vitunguu. Aliposema hodi tu, Mkate aliitambua ile sauti, akasimama.

Fundi alikuwa karibu na mlango. Alimtazama mumewe, akisubiri aambiwe kama afungue. Mkate alitembea mwenyewe, akalivuta komeo.

"Jamani, nimemtafuta msimamizi," alisema mgeni, akiwa bado kizingitini. "Nesi amenielekeza. Nimekuja kushukuru. Sina cha maana, ni hivi vitunguu."

Akakaribishwa, akakaa. Alieleza habari za binti yake, jinsi alivyokuwa mweupe kama chaki, na mjukuu anavyonyonya kama mwizi. Alizungumza mpaka akaliona taya la mwenyeji wake, na sikio, na vile vidole. Akapunguza sauti.

"Baba, uliumia kazini?"

"Nilikuwa dereva," alisema Mkate. "Gari jeupe. La mkate."

Mfuko wa vitunguu ulikuwa bado magotini mwa mgeni. Fundi aliviona vidole vya mgeni vikikamata mfuko huo mpaka kitunguu kimoja kikadondoka, kikaviringika chini ya meza. Hakuna aliyekiokota.

"Niliambiwa," alisema mwanamke hatimaye. "Sikuona. Jirani aliniambia, naye aliambiwa. Nina wajukuu, nikaogopa. Nikasema kwa sauti yangu kama niliyeona, ili waniamini. Nilidhani nasaidia." Aliushusha mfuko chini. "Niliposikia kuna mtu amepigwa nikaifuta. Lakini ilikuwa imeshafika kwa watu ambao hata siwajui. Niliogopa hata kuuliza kama alikufa."

"Hakufa," alisema Mkate.

Mwanamke akainama, akafunika uso kwa kitambaa chake.

"Na mimi nina langu," Mkate aliendelea. Fundi akataka kumzuia, kisha akaacha. "Ujumbe wako niliusikia adhuhuri. Nesi aliniambia ni kweli. Nikauweka. Niliijua sauti yako, nikauweka mpaka wanafunzi wakatoka shule."

Mwanamke aliinua uso. Walitazamana, wala Fundi hakuweza kusema ni nani angesimama kwanza, na kwa nini. Aliinama Fundi mwenyewe, akakiokota kile kitunguu, akakipangusa, akakirudisha kwenye mfuko. Halafu akaenda kuweka chai, maana hakujua jambo jingine la kufanya. Kule jikoni alisikia wakizungumza maneno machache, yaliyoachana mbali. Alisikia neno "binti." Alisikia "kiwandani." Hakusikia kusameheana, na hakusikia ugomvi.

Aliwaza habari ya ile sheria. Shemeji angemwuliza jioni kama bado anaihofu, naye angejibu kwamba anaihofu vilevile. Komeo halijui mgeni wala mwizi. Mkono ndio unaojua, na mkono nao unaweza kuwa na kidonda.

Chai ilinywewa bila mengi. Mgeni hakumaliza kikombe. Alisimama, akaaga kwa kichwa tu, akafika kizingitini. Hapo akasita, akiwa amewapa mgongo, kama mtu aliyesahau kitu ndani lakini hana uso wa kurudi kukichukua.

Mkate alikuwa amemfuata. Alishika ubao wa mlango, akatoa kichwa nje, barabarani, ambako hakuwa amekitoa kwa muda mrefu.

"Mama," alisema. "Mtoto akishakaza shingo, mlete nimwone. Na ukigonga, gonga kwa nguvu. Sikio hili halisikii. Uje tena."